Somo ya Bibi Vitani

Mimi naandika polepole. Darasa la saba mwalimu alikuwa akifuta ubao nami bado niko mstari wa tatu. Wenzangu walinizoea, wakiniachia daftari zao ninakili. Hata ukurasa huu umenichukua siku kadhaa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya niipende ile gemu.

Ilikuwa gemu ya kushika mkononi, upana wake kama viganja viwili, kioo katikati na vitufe pembeni. Kaka yangu, anayebeba mizigo mpakani Horohoro, aliinunua kwa msafiri mmoja, akaniletea alipokuja nyumbani Mabawa.

"Shika," aliniambia. "Wewe si mtu wa maneno. Hii nayo haitaki maneno."

Hakusema kweli yote. Ndani yake kulikuwa na kikosi cha askari sita wanaoishi katika chombo cha angani. Kazi yao ni kushuka kwenye nyota za mbali na kupigana na viumbe wenye miguu mingi. Kabla hawajashuka unamtengeneza kila mmoja upendavyo: kofia, rangi ya deraya ya kumkinga mwili, aina ya bunduki. Mwisho unampa jina. Herufi zimepangwa kama mashimo ya bao, nawe unasogea kwa kitufe, shimo moja baada ya jingine, mpaka uifikie unayoitaka, ndipo ubonyeze. Pale hata mwalimu wangu angeandika polepole. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu.

Siku za mwanzo sikuwapa majina. Kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu, barazani kwetu, kwa pasi ya mkaa, na nguo hizo siziandiki majina ya wenyewe. Natia uzi ndani ya kola: mwekundu wa mwalimu, wa buluu wa seremala, mweupe wa mzee wa kanzu. Basi na askari nao niliwajua kwa rangi. Kaka ndiye aliyeniharibia. "Huyu wa buluu mpe jina langu," alisema, nami nikampa.

Wiki haikwisha, kiumbe kikamwangukia kaka kutoka darini. Katika gemu ile askari akifa harudi. Jina lake huhamia kwenye ukuta wa chuma, juu yake ikawaka taa ndogo, basi. Nilimpigia simu kumwambia.

"Umeniua?" alicheka sana. "Haya, msinisahau kwa pilau la hitima."

Kwa kuwa yeye alicheka, nikaona majina si kitu. Nikampa mmoja jina la shangazi, ambaye naishi naye nyumba moja. Kisha nikampa mmoja jina la bibi.

Bibi ni mama yake baba. Mimi nimepewa jina la marehemu babu, kwa hiyo bibi huniita mume wangu, na utani wetu ndio huo. "Mume gani huyu," huwaambia majirani, "hata kanga ya Idi hajapata kuninunulia." Lakini jina lenyewe la babu sijapata kumsikia akilitaja. Wake wa zamani hawawataji waume zao.

Alasiri moja alikuwa kwenye mkeka anasuka ukili wa mkeka mwingine, akaniuliza nachekelea nini na kile kidude. Nikamjibu bila kufikiri: "Bibi, nimekupa somo."

Mimi neno somo nililizoea kwa maana ya shuleni, hesabu na Kiswahili. Lile jingine nililijua kwa kulisikia tu: mliyechangia jina ndiye somo yako. Bibi yeye alilijua kwa kuliishi. Ana somo yake ng'ambo ya barabara, na miaka yote hakuna aliyepika kitu kitamu asimpelekee mwenzake, wala aliyeugua asitazamwe siku hiyo hiyo. Somo si mtu wa kusalimiwa kwa kupita.

Aliweka ukili chini. "Somo yangu? Yuko wapi?"

"Humu."

Alikisogeza kioo mpaka puani. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia zaidi. "Naona kijani."

"Ndiye huyo. Deraya yake ya kijani."

"Na hilo refu?"

"Bunduki, bibi. Yake ndiyo kubwa kuliko zote. Nimempa na deraya nzito, anatembea taratibu."

"Kama mimi."

"Kama wewe."

"Meno anayo?"

"Sijui. Amevaa kofia."

"Basi anayo. Somo yangu asiwe kibogoyo."

Tangu siku hiyo kila alasiri aliniuliza, "Somo yangu hajambo?" Shangazi akipika vitumbua, bibi alitenga kimoja kando ya sahani, cha somo, nami nikawa wakili wake wa kukila. Nilicheka, lakini nilianza kucheza kwa namna nyingine. Askari wengine niliwatanguliza mbele. Wa kijani nilimweka nyuma ya ukuta, na nguvu zake zikipungua kidogo tu nilikirudisha kikosi kizima chomboni, hata kama ushindi ulikuwa karibu.

Wakati huo huo macho ya bibi yalizidi kufifia. Ukili ulimtoka mwekundu mahali pa kijani, akafumua, akasuka tena, ukatoka vile vile. Msahafu wake ulikaa umefungwa kwenye rafu, akawa anasoma zile sura alizozihifadhi tu. Madaktari walisema jicho la kulia linaweza kusafishwa likaona, wakampangia Alhamisi. Bibi akakataa.

"Niko macho, nasikia, halafu mtu aniingize kisu jichoni? Astaghfirullah."

Shangazi alimbembeleza. Kaka alipiga simu. Mimi mbele ya watu wanaobishana huwa sioni pa kuingilia.

Jumatatu bibi aliniuliza mimi. "Somo yangu keshapigana mara ngapi?"

Nilihesabu. "Kumi na moja."

"Na kila mara anarudi?"

"Anarudi."

Alivuta ukindu, akauchomeka kwenye ukili. "Mwambie nami nashuka Alhamisi. Akirudi yeye, nami nitarudi."

Shangazi aliinua mikono kumshukuru Mungu. Mimi ilinipasa kuizima gemu dakika ile na kuifungia kabatini mpaka Alhamisi ipite. Sikufanya hivyo. Jumatano alasiri nilitaka nimpelekee bibi ushindi mmoja wa mwisho, wa kuondoka nao.

Mkaa ulikuwa unashika moto, nami nacheza. Wa kijani alikuwa katikati ya uwanda, mbali na ukuta, ndipo mtu akapiga hodi. Alikuwa mzee wa kanzu. Kipo kitufe cha kusimamisha kila kitu. Yapo pia maneno mawili, ngoja kidogo. Sikutumia lolote kati ya hayo. Mtu akinisimamia mbele huwa siwezi kumwambia angoje. Huinuka hapo hapo. Niliinuka, nikaitafuta kanzu yenye uzi mweupe, nikaikunja, nikampa, akanishukuru. Niliporudi kioo kilikuwa chekundu. Jina la bibi lilikuwa ukutani, chini ya taa.

Chumbani bibi alikuwa anafunga vitu vyake vya hospitali: kanga mbili, tasbihi, chupa ya maji. Nilisikia kufuli la sanduku.

"Mume wangu! Somo yangu hajambo?"

Nikimwambia, zile kanga zitarudi sandukuni, na hapana atakayeweza kumwondoa tena mkekani. Jicho litakwisha. Nisipomwambia, nitakuwa nimemficha msiba wa somo yake, na mtu hafichwi msiba wake.

"Hajambo," nikasema.

"Karudi?"

"Karudi, bibi."

Kisha nikatengeneza mwingine. Deraya nzito ile ile, kijani kile kile, bunduki ile ile. Jina nikaliandika herufi kwa herufi, herufi sita. Kwa bibi asiyeona, kijani ni kijani.

Alhamisi alikwenda na shangazi. Mimi nilibaki na pasi, nikaunguza kola ya mwalimu, jambo ambalo halijapata kunitokea. Sikuwaogopa madaktari. Niliogopa kwamba bibi amelala kwenye kitanda chao akiwa ameegemea neno langu, na neno langu halina kitu chini yake.

Alirudi na jicho limefunikwa. Kesho yake walipolifunua alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una ndevu," alisema. "Mume wangu kashakuwa mzee."

Baada ya siku mbili akataka kumwona somo yake. Nilimpa gemu. Alimtazama askari, akamsifu kofia, akamsifu viatu. Kisha akaanza kubonyeza ovyo kama mtoto, na kidude kikamfikisha ukutani. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, naye huvuta herufi moja moja. Alilivuta jina la kaka. Akalivuta la chini yake.

"Huyu naye nani?"

Uwongo wa pili sikuwa nao. Nilimweleza.

"Lini?"

"Jumatano."

"Kabla hujaniambia hajambo, au baada?"

"Kabla."

Aliiweka gemu mkekani taratibu. "Ungeniambia, nisingekwenda," alisema.

Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu. Nadhani hata yeye hakujua. Siku tatu hakuniita mume wangu. Aliniita wewe. "Wewe, lete maji." "Wewe, funga mlango." Alasiri zilipita bila kuulizia somo, na ukili ulimtoka sawasawa, mwekundu kwa mwekundu.

Siku ya nne alikuja barazani na sahani, juu yake vitumbua viwili. "Hiki cha somo mpya. Hiki sadaka ya marehemu. Kula."

Nikala vyote viwili. Alinitazama mpaka nilipomaliza, kisha akanyoosha mkono nimpe gemu.

"Kaka yako yumo ukutani. Mimi nimo ukutani, tena nimo hai. Shangazi yako?"

"Yumo. Ndiye mwenye deraya nyekundu."

"Na wewe?"

"Mimi simo."

"Humo?" Sauti yake ilipanda mpaka shangazi akachungulia dirishani. "Umetupeleka sote vitani, wewe mwenyewe umebaki unapiga pasi?"

Shangazi akacheka, nami nikacheka, kisha nikaona ni kweli. Miezi yote ile sikuwahi kujiandika. Nilikuwa na nafasi tupu tangu kaka alipokufa, nikaipita kila siku.

"Nionyeshe pa kuandikia," alisema bibi.

Nilimfungulia ukurasa wa herufi. Alikishika kidude kwa mikono miwili, akaanza kusogea, shimo moja baada ya jingine. Herufi ya kwanza aliipita, akarudi. "Usinisaidie." Akaipata, akabonyeza. Ya pili, ya tatu. Hapo akasimama, kidole juu ya kitufe, midomo inacheza bila sauti. Jina langu ni jina la babu. Sikumharakisha.

Nje mtu akapiga hodi, akasema amefuata suruali yake. Mkaa ulikuwa umeanza kufa kwenye pasi.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Bibi alikuwa anaitafuta herufi ya nne.