Tundu Juu ya Meza ya Mwalimu Bado

Mwalimu Bado hakuzaliwa na jina hilo, wala hakulipenda. Wanafunzi ndio waliompachika, maana kila walipofunua kurasa za mwisho za kitabu cha sayansi na kuuliza, "Na hii je, Mwalimu?", jibu lilikuwa lilelile: bado. Kurasa hizo zilikuwa za mwanga. Na mwisho wa mwaka shuleni mnaujua ulivyo: mitihani, mvua, usafi wa mazingira, mgeni rasmi anayesubiriwa asubuhi nzima asitokee. Mada ya mwisho inakatika kama mkia wa mjusi. Basi jina likamganda kama kupe.

Angeweza kuzeeka nalo salama, lakini mtihani wa mwaka jana ukamtia doa moyoni. Swali liliuliza: Mwanga husafirije? Darasa lake, lisilofundishwa hata neno moja juu ya hilo, likabahatisha. Wengine waliandika kwa betri, wengine kwa haraka. Binti mmoja mpole wa dawati la nyuma akaandika: kwa ungo, usiku, na hapendi kuonwa.

Jamani, ofisi ya walimu ilicheka mpaka kuna mtu akamwaga chai. Mwalimu Bado naye alicheka, akashika mbavu. Kisha akalisoma tena lile jibu, kicheko kikakatika. Mtoto alikuwa amekosea nini? Mwanga ni huu unaotoka kwenye jua, na mwanga ni yule mchawi wa kuruka na ungo. Neno ni moja, na hilo "hu" la swali halitofautishi mtu na kitu. Mtoto alijibu kuhusu mwanga anayemjua. Ule mwingine nani alimfundisha? Ile sifuri ilikuwa ya mwalimu, si ya binti. Na wala haikuishia hapo. Jibu lilivuja kutoka ofisini, binti akaitwa Ungo na darasa zima, na tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena. Sasa alikuwa anarudia darasa, kwa mwalimu yuleyule. Mwalimu Bado akajiapiza kwamba mkono ule utanyooka tena, na mapema.

Mume wake ni fundi cherehani, na likizo ile maskini alikula sahani ikiwa mapajani, kwa sababu meza ya chakula ilikuwa imekaliwa na mwaka. Ndiyo, mwaka mzima. Mkewe alikuwa ametandika shuka kuukuu, akaligawa kwa chaki ya fundi kuwa mihula na wiki, na kila mada ikawa kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini. Mimea kijani, maji buluu, sumaku kijivu. Wiki za mitihani na za vurugu alizipa vipande vyeusi, na safari hii alivibana kwanza, maana adui yako ni vizuri umjue anakaa wapi. Sumaku ilikuwa lazima itangulie umeme. Joto lisikae mbali na maji, kwani utachemsha nini? Na mwanga, kipande cha njano kilichokatwa kwenye pazia la zamani, akaubana mwanzo kabisa, mbele ya yote.

Mume akatafuna, akatazama, akasema hajapata kuona mtu anaanza kushona gauni kwa pindo la chini. Akajibiwa kwamba pindo hili ndilo linalochanika kila mwaka, na ale chakula chake kabla hakijapoa. Akala.

Tena kulikuwa na habari ya bati. Paa la darasa lake lilijaa matundu ya misumari, na mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mvua, jua la asubuhi lilipenya humo na kushuka mpaka sakafuni. Ukingoja mwisho wa mwaka, mawingu yameshafunga, huoni kitu. Maabara shule haikuwa nayo. Ule mwale ndio uliokuwa maabara yake, na hata pini ya kipande cha njano aliichomeka akiufikiria.

Mkuu wa shule ndiye wa kuidhinisha mpango. Ni mtu mwema, ila ni mtu wa kitabu: sura ya kwanza ni ya kwanza. Mwalimu akamsimulia mambo ya mtihani na ya yule binti, naye mkuu akakuna kidevu, akakubali shingo upande. Halafu, kwa furaha kabisa, akampa habari njema: fundi wa paa anakuja kesho, matundu yote yanazibwa.

Mwalimu Bado akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mkuu, nakuomba uniachie tundu moja."

Mkuu akavua miwani. "Mwalimu, miaka yote unanililia paa linavuja. Leo linazibwa, unalilia tundu?"

"Moja tu. Bila hilo nitabaki na maneno matupu, na neno ndilo lililomponza yule mtoto."

Mkuu akaifuta miwani polepole. Huenda alikumbuka kwamba aliyemwaga chai siku ile ni yeye.

"Haya," akasema. "Litabaki lile lililo juu ya meza yako. Mvua ikija, wa kunyeshewa ni wewe."

Asubuhi ya somo la kwanza, Mwalimu alifunga mlango na madirisha yote. Darasa likawa giza, wakaanza kuchekana gizani. Akachukua kifutio cha ubao, akakipiga kofi juu ya meza, vumbi la chaki likapanda, na hapohapo mwale ukaonekana, mweupe, kutoka kwenye bati mpaka mezani. Vicheko vikakatika. Mwalimu hakueleza chochote, maana mwenye macho haambiwi tazama. Aliuliza tu wanaona nini, na makusudi hakutazama dawati la nyuma.

Kisha huko nyuma mkono ukapanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Mwalimu, unakuja umenyooka. Hauna kona."

Alisema "unakuja," hakusema "anakuja," na Mwalimu aliisikia hiyo herufi moja zaidi kuliko kengele ya shule.

"Kwa hiyo, mwanga husafirije?"

"Kwa mstari ulionyooka." Binti akafikiri kidogo. "Ila yule mwingine, bado ni kwa ungo."

Darasa likaangua kicheko, na safari hii yeye ndiye aliyecheka zaidi ya wote. Mwalimu Bado akageukia ubao, akajifuta macho akisingizia vumbi la chaki, kisha akaandika majibu yote mawili, na kila moja akalitia tiki.