Seleri Iliyovimba Chini

Miaka ya tisini nililima bustani ya parokia kule Mishamo, chini ya sista mmoja mzee aliyetoka Ulaya. Miche yake ya seleri ilipozidi, alinipa michache nikapande kwetu, nyuma ya jiko. Seleri niliijua: mashina manene ya kutia kwenye supu. Yangu ikatoa mashina membamba, na chini, pale yanapoingia ardhini, kila mmea ulivimba ukawa donge kama ngumi, lenye makunyanzi na vimizizi kama ndevu. Nikadhani ni ugonjwa. Kila siku nilisema nitamwuliza sista, kila siku nikasahau.

Kisha tukamzika mtoto wa jirani. Alikula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha.

Siku chache baadaye nilitoka kazini mchana, nikamkuta mama amelala kwenye mkeka. Maganda ya yale madonge yalikuwa yametupwa mlangoni. Nilimtikisa bega.

"Mama! Umekula nini?"

"Kile kiazi chako," alijibu bila kufumbua macho. "Nimekichemsha na maharage. Kitamu."

"Tumbo linauma? Kichwa?"

"Niache bwana. Nimechoka tu, nimepalilia tangu asubuhi."

Sikumwamini. Yule mtoto naye alianza kwa kusinzia. Nilimwambia dada yangu akae naye, asimwache alale, nikang'oa donge moja na kupanda baiskeli ya baba. Njia nzima nililia. Nilijiona nimemwua mama kwa mkono wangu.

Sista alikuwa anafua. Alilipokea donge, akalikwaruza kwa ukucha, akaniwekea puani.

"Nusa."

Lilinukia seleri ileile.

"Ni mmea mmoja na ile unayoijua, kama ndugu wa tumbo moja," alisema. "Ile tunaikuza kwa ajili ya mashina, hii kwa ajili ya hiki kiazi. Nilichanganya mbegu, mwanangu. Nisamehe."

Akakata kipande, akakitafuna mbele yangu, akameza.

 Hata hivyo nilirudi nikiikokota baiskeli, siwezi kuipanda. Mama nilimkuta ameketi, anamgombeza dada kwa kumwamsha kila mara. Akauliza kama bado viko vingine.

"Vipo," nilisema.

Jumapili alivichimba mwenyewe, akavipika. Nilikula ugali na maharage matupu, macho yangu kwake kila alipomeza.