Kunde za Mama na Hesabu ya Nairuzi

Mwanangu, bado naiona asubuhi ile ya Machi nilipoifukia amana ya mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Umeniambia unahamia mji wa pwani, nyumba ina kibustani mbele, na unataka kujua upande nini. Kabla sijakujibu, kaa nikusimulie nilivyokosea mimi miaka ile ya elfu mbili, nikiwa kijana mgeni hapa Birmingham.

Nilikuwa nimechanganyikiwa, sikufichi. Nilitoka Pemba, ambako saa ya Magharibi haisogei sana mwaka mzima. Huku, Desemba jua linazama nikiwa bado kazini, na Juni naingoja Isha mpaka usingizi unanielemea. Jua linawaka, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi! Nikatafuta kitu kimoja kisichobadilika, nikakishikilia: hesabu ya mama. Kwetu wakulima huhesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, siku ya mwaka wetu mpya, mwezi wa Julai. Ikifika siku ya mia mbili na hamsini, mbegu inaingia ardhini kungoja masika. Nami nilihesabu hivyo hivyo kwenye kalenda ya jikoni kwangu, mtaa wa Newtown.

Mwaka ule mama aliniletea kunde nyekundu, kiasi cha kiganja kimoja, zimefungwa kwenye pindo la kanga kuukuu. Zake zilizobaki nyumbani wadudu walikuwa wamezimaliza.

"Panda nusu, nusu weka," aliniagiza kwa simu. "Ukivuna, nirudishie. Mbegu hii ni ya bibi yako, na hakuna nyingine."

Nilikuwa na kishamba cha kukodi kule Stechford. Jirani yangu wa mpaka alikuwa Mama Neema, Mkristo kutoka milima ya mashariki mwa Kongo, aliyenitangulia huku kwa miaka mingi. Siku ilipotimia akanikuta nimeinama na jembe.

"Papa Hamadi, unafanya nini? Udongo ingali baridi. Ngoja mwezi wa tano."

"Mama, nyinyi ni watu wa milimani," nikamwambia. "Kunde ni mmea wa pwani, na mimi ni mtu wa pwani."

Akatazama huku na huku. "Na hapa ni pwani? Bahari iko wapi?"

Kiburi kikanipanda. Nikaazimia kuzifukia zote, hata ile nusu ya kuweka, nipate kumwonyesha shamba lililojaa.

"Basi nipe mimi kidogo," akasema, "nipande ndani ya nyumba."

"Utapanda kwenye kapeti?" Nikamhesabia tano, huku nacheka, nyingine zote nikazifukia.

Wiki nne zikapita, hakuna kilichoota. Nikarudi kwenye kalenda nikidhani nimeruka siku. Nikahesabu mara tatu, hesabu ni ile ile. Nikaomba dua mvua inyeshe, na huku mvua inaninyeshea kichwani! Mwishowe nikafukua kwa kidole. Kunde zilikuwa zimeoza, nikizigusa zinabonyea. Nikakaa pale pale kwenye tope, sijui nitamwambia nini mama.

"Nilimwomba Mungu," nikamwambia Mama Neema aliponijia.

"Mungu alikujibu mbele ya kuomba, Papa. Alikuweka pembeni yangu. Wewe ndiye hukuuliza."

Nimesoma Kurani chuoni tangu utotoni, mwanangu, lakini darasa lile nililipata nimekaa kwenye tope.

Mwezi wa Juni Mama Neema akaja amebeba vikopo vya mtindi. "Papa, kapeti imezaa!" Miche minne, aliyoilea dirishani kwake. Tukaihamishia katika kibanda chake cha vioo, na ilipofika Septemba tukapata kunde za kujaza kikombe kimoja cha kahawa. Nusu nikampa msafiri ampelekee mama. Habari ya zile zilizooza sikuwahi kumwambia.

Zilipomfika akanipigia. "Nusu umeweka?"

"Nimeweka, mama."

"Alhamdulillahi. Safari hii umenisikia."

Sasa nikujibu. Pwani unayoiendea siijui, na jina la pwani lisikudanganye kama lilivyonidanganya mimi. Tembea mtaa wako mpya, utazame mimea ipi imesimama na ipi majani yameunguzwa na upepo wa chumvi. Hiyo iliyosimama ipande kwanza, upande wa baharini, ikukingie mboga. Msalimie jirani, hata kama hamfanani dini wala lugha, umuulize yeye hupanda lini. Kunde zianzie dirishani mpaka baridi iishe. Swala zako nenda nazo kama zilivyo, ila tarehe za kupanda kaziulize huko huko.

Katika bahasha hii mna kunde za bibi yako. Ni nusu, nyingine ninayo mimi. Mwenyezi Mungu akuoteshee unachopanda, akupe jirani wa kukukanya, na akupe moyo wa kumsikia kabla mbegu haijaingia ardhini. Amin.