Injini Mpya Chini ya Boneti ya Babu

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya udongo mwekundu uliolowa hunirudisha kijijini kwetu Daa papo hapo, hata nikiwa nimesimama kwenye kituo cha mafuta Karatu mjini na mawazo yangu yako kwingine kabisa. Naliona banda la mabati nyuma ya nyumba ya bibi, magunia ya mbaazi yaliyoegemezwa ukutani, kuku waliojizoesha kutagia chini ya viti vya nyuma, na katikati ya hayo yote landrova ya babu, kijani kilichopauka, taa moja ikitazama barabara na nyingine ikitazama mawingu. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa darasa la nne, shule zimefungwa, na Desemba ile mvua za vuli zilinyesha kana kwamba zimetumwa na mtu. Sijawahi kupata likizo nyingine iliyonipeleka mbio namna ile.

Kati ya nyumbani kwetu na barabara kuu kuna kilima, na wakati wa mvua landrova ya babu haikuwahi kukipanda kwa nguvu zake yenyewe. Ikifika chini ilianza kukoroma, ekzosi yake iliyotoboka ikisikika mpaka ng'ambo ya korongo, na hapo watu walianza kutoka mashambani bila kuitwa. Mwenye jembe aliliacha kwenye tuta, akina mama walikaza kanga viunoni, watoto tulikimbia mbele ya wote. Tulisukuma kwa kelele na vicheko mpaka juu, babu akitoa kichwa dirishani na kutushukuru kwa Kiiraqw, lugha yetu, kisha aliyekuwa na safari alipanda na mzigo wake, na waliobaki walirudi kulima wakiwa na tope mpaka masikioni. Nilikua nikidhani magari yote duniani husukumwa. Nilipoona kwa mara ya kwanza gari la watalii likipanda mlima likiwa peke yake, nililionea huruma, nikadhani halina ndugu.

Basi shangazi Paulina, mtoto wa mwisho wa babu, akachumbiwa na kijana wa Oldeani ambaye baba yake alikuwa msimamizi kwenye shamba la kahawa. Shangazi alisema mapema, mbele ya wote, kwamba hatapanda gari lingine lolote kwenda kanisani isipokuwa la baba yake. Siku wakwe walipokuja kupanga tarehe, mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema, aliitazama landrova bandani akasema, "Sawa, lakini tusije tukamkuta bibi harusi wetu anasukumwa kama mkokoteni." Wageni wote walicheka. Baba yangu, ambaye ndiye kaka mkubwa wa shangazi na ni fundi wa magari ya watalii mjini, aliweka kikombe cha chai chini taratibu sana. Mimi nilimjua baba. Alipoweka kikombe hivyo, kuna kitu lazima kingefunguliwa kwa spana.

Tatizo lilikuwa bibi. Tangu babu afariki, bibi alikuwa na mazoea ya kwenda bandani jioni, kufungua boneti na kutazama tu, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Chini ya boneti ile kulikuwa na mikono ya babu kila mahali: chujio la hewa alilolitengeneza kwa kopo la mafuta ya kupikia, waya wa kijani uliofungwa fundo, kipande cha mpira wa kandambili kilichozuia betri isicheze. "Gari la mume wangu libaki alivyoliacha," bibi alisema. "Nikifungua nisione kitu kigeni." Kwa hiyo baba alibanwa pande zote. Dada yake anataka gari hilohilo, mama yake hataki liguswe, na wakwe wanasubiri kucheka. Alitembea huku na huku uani siku nzima, kisha bibi akasema anakwenda Mbulu kumchukua dada yake aje harusini, na baba akamsindikiza mpaka kwenye basi kwa heshima ambayo hata mimi niliona imezidi.

Kabla mlio wa basi haujapotea, fundi Lemburis alikuwa ameshafika. Lemburis alikuwa Mmasai wa kule juu Ngorongoro, rafiki wa baba wa gereji moja, mrefu kiasi kwamba alitengeneza magari kwa kuyainamia kama anayeyasikiliza. Nyuma ya pikapu walileta injini ya petroli iliyotoka kwenye gari la Kijapani lililokatwa vipande, imefunikwa turubai. Niliposhika kona ya turubai na kuchungulia, moyo wangu uliruka. Ilikuwa safi, inang'aa, na baba alisema kwa sauti ya chini kwamba ina nguvu mara mbili ya ile ya babu. Waliitoa ile ya zamani kwa mnyororo ulioning'inizwa kwenye boriti, boriti ikalia, kuku wakatimuka, na mama yangu akasimama mlangoni akiwa ameshika kichwa. "Mama akirudi mtajieleza wenyewe," alisema, kisha akatuletea uji.

Kazi ya kuiingiza ile mpya ilikuwa ngumu, lakini kazi ya kuificha ndiyo iliyotupa raha. Na hapo mimi ndiye niliyekuwa bosi, maana nilikuwa nikiosha gari na babu kila Jumamosi na nilijua kila kitu kilipokaa. Baba alikunja bati, akalikata, akalichomelea likawa kama ganda, akalipaka rangi ileile iliyobabuka, kisha akalivalisha juu ya injini mpya. Kopo la babu likarudi mahali pake, ingawa sasa halikuchuja chochote. "Waya wa kijani ulipita juu ya kopo au chini?" Lemburis aliniuliza. Nikamwambia chini, na fundo linatazama radieta. Alifunga waya ule usiokwenda popote kwa uangalifu uleule ambao angefunga waya wa breki. Hata ekzosi mbovu baba aliiacha na tundu lake, ili sauti isibadilike. Tulipomaliza tulipaka vumbi juu ya kila kitu kwa viganja, tukarudi nyuma kutazama, na Lemburis akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Gari lilikuwa lilelile kabisa, linatia huruma kama zamani.

Asubuhi iliyofuata tulilijaribu. Tulipanda kuelekea Ngorongoro, baba usukani, Lemburis pembeni amekunja magoti mpaka kidevuni, mimi katikati nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mashamba ya ngano. Kwenye mwinuko mrefu kabla ya lango la hifadhi tulikuta gari la watalii mbele yetu, paa limeinuliwa, na baba akanitazama, akashusha gia, akakanyaga. Ee Mungu wangu! Mgongo wangu ulibandikwa kwenye kiti. Tulilipita tukikoroma kama trekta, wazungu wakageuza kamera kutoka msituni kuja kwetu, na dereva wao, aliyemfahamu baba, alibaki amefungua mdomo. "Hii ngoma sasa inaweza kupanda hata ukuta!" Lemburis alipiga kelele. Baba alikuwa anacheka peke yake na machozi yanamtoka, na mimi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Bibi alirudi kutoka Mbulu, akaweka mzigo wake chini, akaenda moja kwa moja bandani. Tulisimama nyuma yake kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Alifungua boneti, akatazama, akaligusa kopo, akaugusa waya. "Mmeliosha?" aliuliza. Baba akasema tumesafisha plagi tu, mama. Bibi akaguna, akafunga, akauliza kama kuna chai. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikajiviringisha kwenye majani kwa furaha.

Siku ya harusi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wakwe walikuja na gari jipya jeusi na pikapu iliyobeba wapiga matarumbeta, wakachukua watu wao, wakatangulia kwa shida mpaka juu ya kilima, wakasimama pale kutusubiri. Nilimwona mjomba mnene ametoka nje kabisa, mikono kiunoni, ili asikose kitu. Sisi tulikuwa chini. Bibi alikaa mbele na kilemba chake kipya, shangazi nyuma katika shela iliyojaa kiti kizima, mimi ubavuni mwake na kikapu cha maua. Baba aliwasha. Ekzosi ikakoroma kama siku zote, na tulipokunja kona kuanza mlima, nikawaona.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara, wamevaa nguo zao za harusi, suruali zimekunjwa mpaka magotini, viatu wameviweka pembeni kwenye nyasi. Akina mama walikuwa wamefunga kanga kuukuu juu ya vitenge vipya. Mzee Tluway, jirani wa babu, mtu ambaye kila mvua alikuwa wa kwanza kuweka bega, alisimama mbele akiwa na koti la suti. Walikuja kumsukuma Paulina. Ndiyo zawadi yao, na hakuna aliyewaambia kwamba haihitajiki, maana tulikuwa tumeficha siri yetu vizuri kupita kiasi. Na baba, macho yake yote kwa yule mjomba kule juu, alishusha gia na kukanyaga.

Tulipaa. Bibi alishika mlango akapiga kelele, "Hili gari limekula nini?" Tope liliruka kulia na kushoto. Nilianza kupiga vigelegele, lakini nikageuka kutazama nyuma na vigelegele vikakwama. Watu walikuwa wamesimama mikono ikiwa bado imenyooshwa mbele, matone mekundu kwenye mashati meupe, na hakuna aliyekuwa anacheka. Mzee Tluway alikuwa anafuta tope machoni na kulitazama gari linavyokwenda. Niliumia, nasema kweli, niliona kana kwamba tumewafungia mlango usoni. Shangazi naye alikuwa amegeuka.

"Kaka," alisema. "Wale wamekuja kwa ajili yangu."

"Tunafika sasa hivi," baba alisema.

"Kaka, rudi."

"Bibi harusi harudi nyuma, wewe," bibi alidakia.

Juu kulikuwa karibu. Matarumbeta yalikuwa yameanza kulia kwa mshangao, na mjomba mnene alikuwa ameshusha mikono kiunoni. Baba alikuwa amebakiza kipande kidogo tu cha barabara kuupata ushindi alioutolea jasho wiki nzima. Niliona shingo yake ikikaza. Halafu akazima injini. Gari likanyamaza, likasimama palepale mlimani, baba akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani mbele ya wakwe wote na kupiga kelele kwa sauti kubwa kuliko matarumbeta: "Jamani, limezima! Njooni mtusukume!"

Walikuja mbio. Sijui nani alianza, ila nilisikia kishindo cha mikono kwenye bodi, pa, pa, pa, wakaanza kuhesabu pamoja, na gari likasogea. Shangazi alilia na kucheka mpaka poda ikafanya mifereji. Bibi alipiga dashibodi kwa kiganja kufuata mwendo. Mjomba mnene alicheka kwanza, kama tulivyotarajia, lakini wadogo zake bwana harusi waliona raha ile ikawashinda, wakavua viatu vyao vya kung'aa, wakashuka kusukuma, na mwisho yeye mwenyewe akashuka, akateleza, akainuka mwekundu toka kichwani mpaka miguuni. Tulifika kanisani tukiwa tumechelewa na wachafu, na sijaona harusi nyingine iliyoimba vile.

Sasa kilima kile kimemwagwa kifusi na kushindiliwa. Nina gari langu mwenyewe, na Krismasi iliyopita nilikipanda huku naongea na simu. Watu walikuwa mashambani pande zote mbili, na hakuna aliyeinua kichwa. Kwa nini ainue? Nilisimama kumsalimia mzee Tluway, ambaye sasa hukaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, akanionyesha kwa wajukuu wake: huyu alikuwemo ndani siku tulipomsukuma Paulina. Moyo ulinituma kumwambia ukweli. Nikamwambia, "Babu, siku ile injini ilikuwa nzima. Baba aliizima mwenyewe."

"Tulijua," alisema. "Tulikuwa tumeona lilivyotupita."

"Sasa mbona mlisukuma?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimeuliza kwa nini watu hula. "Si alituita?" akasema.

Nilimuaga, nikarudi kwenye gari langu, ambalo limenifikisha kila mahali na halijawahi kumwita mtu.