Puli Iliyonigombanisha na Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ameuza mawese na dagaa miaka mingi kati ya Kigoma na Kagunga. Ni mtu mzima mwenye wajukuu. Kwa hiyo siku alipoingiza kigari chake cha zamani kwenye uwanja wangu wa ufundi pale Kasingirima, akafungua buti na kunionyesha mtungi wa bluu uliofungwa mikanda kando ya madumu ya mawese, nilidhani ni gesi ya kupikia.

"Siyo ya kupikia, shem," alisema. "Ni naitrasi. Ukibonyeza swichi, gari linapata pumzi ya pili."

Aliinunua Dar, na fundi wa huko alikuwa ameshaifunga hadi kwenye kabureta. Sasa alitaka mimi niiweke injini sawa, kwa sababu wapenda magari wa mjini walikuwa wameomba kibali cha kufungiwa kipande cha lami washindane, na yeye ameandikisha jina.

"Wewe?" nilimuuliza.

"Mimi. Miaka yote nimekaa kwenye boti zinazotambaa. Nataka mara moja tu mgongo wangu ugande kwenye kiti."

Nilikubali, na hapo ndipo nilipojitakia shida. Nikamweleza kwamba gesi ile inafanya mafuta yaungue haraka na kwa joto kali. Cheche ikiwahi kama kawaida, moto unaisukuma pistoni chini wakati yenyewe bado inapanda, na injini inagonga kama mtu anayetwanga kokoto. Kwa hiyo taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, lazima irudi nyuma digrii kadhaa, na plagi ziwe za baridi zaidi, zinazopoteza joto upesi, na mwanya kati ya ncha zake upunguzwe ili cheche isizimwe na msukumo wa gesi.

"Sawa," akasema, akaniletea plagi nne za moto kabisa. "Muuzaji kasema zote ni plagi."

Nikamrudisha dukani. Akaleta nyingine, mbili za aina moja na mbili za aina nyingine. Safari ya tatu nilikwenda mwenyewe, nikiwa na oveloli na hasira.

Nilizifunga, nikaelekeza taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inaporuka, kwenye alama ya puli ya mbele, gurudumu la mkanda linalozunguka pamoja na injini, nikazungusha distribyuta inayogawa cheche taratibu hadi alama ikasimama digrii kumi kabla pistoni haijafika juu, mahali nilipotaka. Nikakaza nati. Gari lililala kwake, na asubuhi iliyofuata tulikwenda kwenye kipande kile cha lami. Alipobonyeza swichi gari liliruka mbele, kisha nikasikia kokoto.

"Zima! Zima, shemeji!"

Akazima. Nilichomoa plagi palepale. Kwenye kauri nyeupe kulikuwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga, na chembe zinazong'aa. Hizo chembe ni aluminiamu, maana yake pistoni inaanza kuliwa. Tuliporudi nikapima tena kwa taa. Alama ilisoma digrii saba.

"Umeigusa distribyuta," nilimwambia.

"Sijaigusa."

"Taa inasema imerudi nyuma. Umeilegeza usiku, tena umeizungushia upande unaopunguza kasi. Hata kuharibu hujui!"

"Wallahi sijaigusa."

Nikairudisha kwenye kumi, nikikaza nati kama ninayemkaba mtu. Tukajaribu tena. Iligonga vibaya zaidi, na safari hii plagi ya silinda ya tatu ilitoka na kauri iliyopasuka. Nikapima: nane. Sasa nilipandisha sauti hadi majirani wakasimama. Nilimwambia kama hataki kazi yangu apeleke gari lake Dar kwa huyo aliyemfungia mtungi. Aliondoka kwa miguu, na yeye si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Nyumbani mke wangu alinitengea ugali na samaki wa mgebuka, akakaa mbele yangu.

"Kaka yangu ana ubishi," alisema. "Lakini uongo hana. Umemwona akishika spana?"

"Nani mwingine angeigusa?"

"Basi iwekee alama, ujue."

Akanipa kichupa chake cha rangi ya kucha, nyekundu. Nikapiga mstari mmoja uliovuka kutoka kwenye distribyuta hadi kwenye injini, ili ikisogea hata kidogo mstari ukatike. Nikaweka kumi. Kesho yake niliendesha gari peke yangu hadi Ujiji na kurudi, bila kugusa gesi. Mstari mwekundu ulikuwa mzima. Taa ilisoma sita.

Nilikaa chini, pale pale penye oili. Kama distribyuta haikusogea, basi kilichosogea ni kile ninachokiangalia.

Nilichomoa plagi ya kwanza, nikaingiza mrija mrefu wa soda hadi ukagusa pistoni, nikazungusha injini kwa spana huku nikiangalia mrija unavyopanda. Alama ya puli, inayopaswa kufika sifuri pistoni ikiwa juu kabisa, ilifika mapema. Mrija bado ulikuwa unapanda. Puli ile ina bangili ya nje yenye ile alama, iliyogandishwa kwa mpira, na mpira ulikuwa umechoka. Bangili iliteleza mbele kidogo kidogo kila safari. Nami kila nilipoona imesoma pungufu niliwahisha cheche zaidi. Aliyekuwa akiigongesha injini ni mimi.

Nilimkuta shemeji kwenye banda lake la dagaa. Alikuwa anapepeta, hakuinua macho.

"Mwakeye," nilimwamkia kwa Kiha, ingawa Kiha changu ni cha kuokoteza.

"Umekuja kuniambia nimeiba na bangili?"

Kumbe mke wangu, niliyekuwa nimemsimulia, alishampigia simu. Nikamwambia nimekosea, na kwamba nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo nitakwenda kwa majirani wale wale kusema. Akaweka ungo chini. Kisha akasema, "Twende kwanza ukafunge puli nyingine. Majirani baadaye."

Tulipata puli kwenye gari bovu. Nikahakikisha kwa mrija mahali pistoni inapofika juu kabisa, nikachora alama mpya, nikaanza upya: taimingi nyuma, plagi baridi, mwanya mdogo. Siku ya mashindano alishindwa na kijana mwenye gari jipya. Lakini injini haikugonga hata mara moja. Nilipochomoa plagi zilikuwa na rangi ya kahawia nyepesi, kavu, safi. Nilitaka kumwonyesha kila mtu.

Shemeji alishuka akiwa anacheka peke yake.

"Umeganda?" nilimuuliza.

"Nimeganda. Sasa, shem, fundi wa Dar anasema kuna kitundu kikubwa zaidi cha kupitishia gesi. Tukibadilisha hicho..."

Nilifunga sanduku langu la spana na kwenda kukaa kivulini upande wa pili wa barabara.