Supu ya Mwani ya Mkwe Wangu

Shukrani zote ni zake Mola aliyeotesha riziki nchi kavu na chini ya bahari, kisha akamtia kila mja hamu ya chakula cha kwao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na watu wa nyumba yake. Baada ya hayo, nataka kusimulia jambo lililotokea jikoni kwangu, hapa Al Khoudh, mtaa tunaokaa huku Uarabuni, mwaka aliozaliwa mjukuu wangu wa mwisho.

Mwanangu mdogo alikwenda Korea kusomea mashine za meli. Alirudi na shahada yake na mke. Binti alikuwa amekwishasilimu kabla ya nikaha, na Alhamdu aliisoma vizuri, ila Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kumi na Kiarabu chake cha matano. Mimi nimesomesha wanawake Qur'ani miaka mingi, kwa hiyo nikamwambia, "Mwanangu, kila siku baada ya Alasiri tutakaa hapa hapa jikoni. Mimi nitakusomesha herufi." Akajibu, "Na mimi, Mama, nitakusomesha kabichi."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kimchi. Unachambua kabichi jani kwa jani, unalitia chumvi, unalilaza mpaka linyong'onyee. Kisha unalipaka pilipili nyekundu ya unga, saumu na tangawizi, ukiwa umevaa mipira mikononi kama daktari. Unashindilia kwenye chupa, unaacha lichachuke.

"Hii ni achari," nikamwambia.

"Si achari, Mama. Ni kimchi."

"Basi ni achari iliyosafiri."

Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo jiko letu likawa la kwao na la kwetu. Dagaa wakavu ninaowanunua sokoni Matrah yeye aliwachemsha, akachukua maji yao kwa supu, na wenyewe akataka kuwatupa. Nikamshika mkono. Dagaa hatupwi kwangu. Niliwakaanga kwa ndimu nikawala mbele yake. Sambusa tulizitia kimchi na nyama ya kusaga, na siku ya futari zilikwisha kabla ya zile za kawaida. Mchuzi wa soya nilisoma karatasi ya kila chupa kwa miwani na kwa msaada wa mwanangu, maana nyingine zimetiwa ulevi, mpaka tukapata moja iliyo safi. Jodari wa nazi tulimviringisha ndani ya wali, na wali tukauzungushia jani jeusi la mwani. Dada yangu mkubwa, ambaye nyumba yake iko mtaa wa nyuma na hodi yake huisikii mpaka keshaingia, alilitazama sinia akasema, "Leo wali umevaa buibui! Unakwenda arusi ya nani?" Akala sita.

Mkwe wangu aliposhika mimba aliniambia habari moja ya kwao. Mwanamke akijifungua hupewa supu ya mwani, asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki nzima na zaidi. Na kila mtu siku yake ya kuzaliwa hunywa supu ile ile, ili akumbuke uchungu wa mama yake. Nilipenda sana kusikia hayo. Nikasema moyoni, watu hawa wameiweka haki ya mama ndani ya bakuli.

Mama yake alikuwa aje kumlea kwa siku arobaini. Tiketi ilikuwa tayari. Wiki mbili kabla, akateleza kwenye ngazi akavunjika mguu. Tukasema inshallah kheri, mimi nipo.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, kichwa kimejaa nywele. Nikaanza kazi ninayoijua. Uji wa pilipili manga alfajiri, supu ya kuku kwa samli, hulba, yaani uwatu, mkate wa moto. Wanangu wote sita nimewalea kwa vyakula hivyo, na nimewapikia wazazi wengi wa jamaa waliotoka kujifungua, na hakuna aliyewahi kurudisha bakuli. Huyu alirudisha. Alichovya kijiko mara mbili, akatabasamu, akasema, "Asante Mama, nimeshiba." Siku ya kwanza nikasema uchovu. Siku ya nne haikuwa uchovu tena. Uso ulikuwa umepungua, na maziwa hayakuwa yakitoka vya kutosha. Mtoto alinyonya akalia, akanyonya tena akalia. Muuguzi aliyemtazama alisema mtoto hana neno, lakini mama lazima ale. Nilisikia woga ambao sikuusikia kwa watoto wangu mwenyewe, kwa sababu huyu alikuwa amana. Mama yake alikuwa kitandani, mbali, ameniachia mimi.

Nikamvuta mwanangu ukumbini. "Mkeo anataka nini?"

"Hataki kusema, Mama. Anaona haya. Anasema umesimama jikoni tangu alfajiri."

"Haya azitie kabatini, azifungie. Anataka nini?"

"Supu ya mwani."

Nikajipiga kipaji cha uso. Nilikuwa naijua habari hiyo, nimeipenda, kisha nikaisahau kwa kujiamini na kuku wangu. Mwanangu akaenda kwenye duka linalouza vyakula vya Asia, akarudi na pakiti ya mwani mkavu, mweusi, mwepesi kama majani ya chai. Niliipima mkononi nikaiona ndogo. Mimi mboga naipima kwa jicho, na jicho langu limezoea mchicha: unajaza sufuria mpaka kifuniko hakikai, ukishaiva unapata bakuli moja. Nikasema, pakiti hii itanywea iwe vijiko viwili. Nikaimimina yote kwenye maji, nikaenda kuswali Adhuhuri.

Sikuharakisha swala. Nikaleta na uradi wangu. Niliporudi jikoni, mwani ulikuwa umejaa sufuria, umesukuma kifuniko, umeteremka juu ya meza na unaelekea kwenye sinki. Kijani, unateleza, unang'aa. Nikatoa bakuli, likajaa. Nikatoa karai, likajaa. Dada yangu akaingia wakati nimeshika ndoo.

"Subhanallah! Mdogo wangu, umeileta bahari yote ndani?"

"Nisaidie badala ya kuchungulia."

"Nsaidie nini? Nyavu sina!"

Tukacheka mpaka machozi, vikongwe wawili wenye mwani mpaka kwenye viwiko. Kisha nikapika. Nilichukua fungu moja nikalitia kwenye supu ya nyama, nikaonja, nikaona haina viungo vya kumtosha mzazi. Nikatia kitunguu. Nikatia bizari kidogo, pilipili manga, ndimu, na mwisho tui la nazi, kwa mapenzi. Ilinukia vizuri. Dada yangu alikunywa bakuli zima amesimama.

Mimi mwenyewe nikampelekea mkwe wangu. Aliona majani ya kijani, macho yakamfunguka, nami nikasema kimoyomoyo, tayari. Akatia kijiko mdomoni. Akameza. Akasema, "Nzuri sana, Mama," kisha akaweka kijiko chini polepole, na machozi yakamtoka bila sauti. Mtoto akaanza kulia pembeni yake.

Nilirudi jikoni nikakaa kwenye kiti. Kwanza nilikasirika, nakiri. Nikasema, nimefanya alichotaka, sasa nini tena? Nikavuta istighfari mara kadhaa, na hasira ilipotulia nikaona kosa langu. Sikupika supu yake. Nilipika supu yangu, nikaitia mwani.

Nikamwita mwanangu. "Mpigie mama mkwe wako. Sasa hivi."

Kule kwao ilikuwa jioni. Akatokea kwenye simu, amelala, mguu umefungwa umewekwa juu ya mito. Sikuwahi kuzungumza naye ila salamu. Nikamwambia mwanangu amwambie: mimi ni mzee, nimepika miaka hamsini, na leo sijui kupika. Anifundishe. Yule mama akajiinua kwenye mito. Alizungumza, mwanangu akafasiri, nami nikaandika nyuma ya karatasi ya chumvi.

"Anasema kipande cha ngumi moja tu kinatosha watu wanne."

"Mwambie tumeshaliona hilo."

"Anasema nyama ya ng'ombe ndogo ndogo, uikaange kwa mafuta ya ufuta pamoja na mwani. Saumu. Maji. Mchuzi wa soya. Kisha moto mdogo, muda mrefu."

"Na kitunguu?"

Mwanangu akauliza. Yule mama akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Hapana kitunguu, Mama."

"Ndimu?"

Mwanangu hakuhitaji kufasiri. Yule mama alikuwa amekwishaelewa neno kwa uso wangu, na alikuwa anacheka.

Nikapika upya. Nakwambia, msomaji, kazi ngumu katika sufuria ile ilikuwa kuzuia mkono. Kila nilipofunua kifuniko nilimwona dada yangu anachungulia begani kwangu.

"Hata bizari?"

"Hata bizari."

"Pilipili manga je? Punje moja, kwa ajili ya Mungu!"

"Kaa chini."

"Nnakuhurumia. Unampikia mzazi au unachemsha maji ya kufulia?"

Nikamwacha aseme. Nilikaa karibu na jiko na tasbihi yangu, moto mdogo, mpaka ilipokaribia Alasiri. Supu ikageuka nyeupe kidogo, kama maji yaliyoguswa na maziwa, na harufu yake ilikuwa ya ufuta na ya pwani wakati maji yametoka. Sikuionja zaidi ya chumvi. Sikujiamini na ulimi wangu.

Nilipofungua mlango wa chumba, mkwe wangu alikuwa amelala ameelekea ukutani. Sikumwita. Aligeuka mwenyewe. Akakaa, akanyoosha mikono yote miwili kupokea bakuli, kama wanavyopokea kwao. Akanywa kijiko kimoja akafumba macho. Akanywa cha pili. Kisha akaacha kijiko akainua bakuli mdomoni, na sikuona uso wake mpaka alipolishusha likiwa tupu.

"Mama," akasema, "ipo nyingine? Na wali?"

Nikasema ipo ya kulisha Al Khoudh nzima.

Alikula mabakuli matatu. Alipomaliza alilala, usingizi wa kweli, na alipoamka akamchukua mtoto. Sijui ilikuwa supu, au usingizi, au dua. Mimi nashukuru zote. Ninachojua ni kwamba jioni ile mtoto alinyonya mpaka akaachia mwenyewe, kalala mdomo wazi, na tone la maziwa limebaki pembeni ya mdomo. Nilisujudu pale pale kwenye zulia, baina ya kitanda na kabati. Niliponyanyuka goti likagoma, mkwe wangu akanipa mkono wa kushikilia, na mkono ule ulikuwa na nguvu.

Ewe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akuhifadhie mama yako akiwa hai, na amsamehe akiwa amekwishatangulia. Akupe afya ya kula na subira ya kumpikia mwenzio kile anachokitamani yeye. Na siku utakapolala mbali na kwenu, huna nguvu ya kusema unataka nini, akujaalie mtu wa kuuliza. Amin.