Kurusha Chambo Chepesi Penye Upepo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye hoteli moja ya wageni wavuvi kusini mwa Ujiji, sikupewa hata kiti. Nilipewa rili, kigurudumu cha kuvulia samaki, yenye uzi uliojifunga mafundo. "Kaa chini ufungue," akasema Mkuu wa Boti, mama mzaliwa wa Kagunga aliyekuwa bosi wangu wa kwanza. Nikafungua hadi jua likazama nyuma ya milima ya Kongo.

Rili zile hukaa juu ya fimbo ya kuvulia, na gurudumu la uzi huzunguka unaporusha. Chambo bandia kikiwa kizito, hakuna tabu. Kikiwa chepesi, gurudumu hukimbia kuliko chambo, uzi unafumuka, unajisokota, na asubuhi yako imeisha. Breki ya pembeni husaidia kidogo. Dawa ni kidole gumba: kiguse uzi kwa wepesi tangu chambo kinapoondoka, kisha ukandamize kinapofika majini.

Miaka yote ya kuwafundisha wageni kuvua, hayo niliyasema mpaka koo likakauka. Wageni waliitikia kwa kichwa, wakarusha kama wanaofukuza nyani shambani, huku samaki wakubwa waitwao kuhe wakipita chini ya boti wakijiendea zao.

Mkuu wa Boti alipostaafu, akaja Meneja. Huyu aliagiza vyambo vidogo mno, vyepesi kama punje ya karanga, kisha akanilaumu kwamba haviendi mbali.

"Mzee Bukuru, tatizo ni mkono wako."

"Bosi, ni upepo na uzito."

"Ni mkono."

Mchana mmoja akatoka na boti peke yake kwenda kunionyesha jinsi vinavyorushwa. Upepo wa kusini ukaamka, injini yake ikazima. Tulipomwona, mawimbi yalikuwa yanamsukuma kwenye miamba, naye kuogelea hajui. Nikaondoka na Yusta, dereva wa boti yetu. Tusingeweza kumkaribia, tungegongana. Nikamrushia kamba kwa mkono, upepo ukairudisha. Nikachukua fimbo. Mwishoni mwa uzi kulikuwa na kimoja cha vile vyambo vyake vidogo, na muda wa kufunga kingine haukuwepo.

Mrusho wa kwanza, uzi ukavimba kwenye gurudumu. Nilitukana, Mungu anisamehe. Yusta akapiga kelele, "Mzee, miamba!" Nikavuta mafundo kwa kucha, nikarusha tena, chini chini, gumba likiwaka moto. Uzi ukaanguka juu ya boti yake.

"Ndoano imenichoma!" akalia Meneja.

"Shika uzi, bosi! Naifunga kamba kwenye uzi huku, uvute!"

"Mbona hukurusha chambo kikubwa?"

"Vuta!"

Akavuta, akaifunga kamba kwenye boti yake, Yusta akakaza injini, tukamtoa. Ufukweni alikaa mchangani akitetemeka. Kesho yake akaomba nimfundishe. Nikamfundisha miaka yote iliyobaki. Hakujua kurusha hata siku moja.

Sasa nimestaafu, niko Mwandiga na migomba yangu. Vijana wananiuliza kazi ile ilinipa nini. Ilinipa gumba lenye sugu na hasira za karibu. Siku ya kuniaga, Meneja alisimama mbele ya wafanyakazi wote akatangaza kwamba aliokolewa na uamuzi wake mwenyewe wa kununua vyambo vidogo. Watu wakapiga makofi. Nikafungua kinywa nimkatize, lakini alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka vilevile kama siku ile ufukweni. Nikamwacha aushike.